Je, Ajali Haina Kinga? Historia ya Wajibu wa Mwenye Mahali kwa Mgeni Wake

Makala haya nimeyaahirisha kwa miaka kadhaa, kwa sababu yananihusu mimi mwenyewe kwa namna ambayo sijivunii.

Mwaka 2016 mama yangu mdogo alikuja Babati mjini kuuza mbaazi. Malipo yakachelewa, ikambidi alale mjini. Akapanga chumba katika nyumba moja ya kulala wageni, ya bei nafuu, yenye choo uani. Usiku akatoka kwenda chooni. Taa ya uani ilikuwa imeungua, na shimo la maji taka lilikuwa limefunikwa kwa mbao zilizokwisha kuoza. Mbao zikavunjika, mguu mmoja ukatumbukia na kunasa, mfupa wa paja ukavunjika.

Asubuhi mwenye nyumba alifika hospitalini. Hakuwa mtu mbaya. Alileta sukari kilo mbili, maji ya matunda na shilingi 50,000, akasema maneno ambayo kila mmoja wetu amewahi kuyasema: "Pole sana mama, ajali haina kinga." Siku ya nne tukaitwa kikao mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Ikaamuliwa mwenye nyumba aongeze shilingi 100,000, na iandikwe karatasi kwamba jambo limekwisha na hakuna atakayemdai mwenzake. Wazee wakanigeukia: "Wewe ndiye msomi wetu, andika." Nikaandika. Mama mdogo akaletewa karatasi ile kitandani, akaweka dole gumba. Hadi leo anatembea kwa mkongojo, na shamba lake la ekari tatu analilima mtu mwingine kwa kulikodi.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa nikifundisha semina juu ya sheria za kikoloni. Mwanafunzi mmoja akauliza: "Mwalimu, sheria hizi za Waingereza zilimsaidia nani hapa kwetu?" Nilipoanza kutafuta mfano wa kumjibu, nilijikuta nikisoma kesi za watu waliotumbukia katika mashimo ya watu wengine. Ndipo nilipotambua nilichokiandika katika karatasi ile. Mimi si wakili, ninafundisha historia. Kwa hiyo nitakachokifanya hapa ni kueleza wajibu wa mwenye mahali ulikotoka, jinsi ulivyofika kwetu, na kwa nini umebaki vitabuni huku uani tukiendelea kuambiana pole.

Hoja yangu ni moja. Methali "ajali haina kinga" ni faraja njema kwa aliyepigwa na radi. Kwa aliyetumbukia katika shimo lisilofunikwa, methali hiyo si kweli, na imekuwa si kweli kwa karibu miaka elfu nne.

Shimo lililoachwa wazi

Katika sheria za Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa juu ya jiwe karibu mwaka 1750 kabla ya Kristo, mjenzi aliyejenga nyumba dhaifu ikamwangukia mwenye nyumba na kumwua, mjenzi huyo aliuawa. Hukumu hiyo inatutisha leo, lakini tazama wazo lililo nyuma yake: nyumba haianguki yenyewe tu, yupo mtu wa kuulizwa.

Wayahudi wa kale waliliweka jambo hili karibu zaidi na uani kwetu. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinaagiza kwamba mtu akifungua shimo au akilichimba asilifunike, kisha ng'ombe au punda akatumbukia humo, mwenye shimo atalipa. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamtaka anayejenga nyumba mpya azungushie ukingo wa dari yake, asije akajiletea hatia ya damu mtu akianguka. Baadaye marabi walipopanga aina za madhara katika Mishna, walilifanya shimo kuwa moja ya aina kuu nne. Nimesali makanisani tangu utotoni, na mistari hiyo sikumbuki kuisikia ikihubiriwa.

Wanazuoni wa fiqhi nao walilijadili. Wao walitofautisha kati ya mtu aliyechimba kisima katika ardhi yake mwenyewe na yule aliyekichimba njiani wanakopita watu bila ruhusa. Huyu wa pili alidhamini madhara ya aliyetumbukia. Kwa Warumi, kitu kikirushwa au kumwagwa kutoka nyumbani kikamdhuru mpita njia, aliyewajibika ni mkaazi wa nyumba hiyo, hata kama si mkono wake uliotupa. Mpita njia asingeweza kujua ni nani ndani aliyetupa, ila anayekaa humo alikuwa na uwezo wa kuzuia.

Basi tunaona jambo moja likijirudia katika jamii zilizotofautiana sana: wajibu humfuata mwenye uwezo wa kuizuia hatari. Anayeijua hatari, au anayepaswa kuijua, na mwenye uwezo wa kuifunika, ndiye anayeulizwa. Mgeni hawezi kuulizwa kwa sababu hakuliona shimo. Hakulichimba yeye, na ua si wake.

Kiwanda cha sukari cha London

Sheria iliyokuja kutawala mahakama zetu ilikuja kwa njia nyingine, nayo ni ya Uingereza. Kesi inayoanzia simulizi hii ni Indermaur dhidi ya Dames, ya mwaka 1866. Fundi wa gesi alitumwa na mwajiri wake katika kiwanda cha kusafishia sukari jijini London, kukagua kifaa walichokuwa wamekifunga. Sakafuni palikuwa na tundu la kupandishia sukari, halikuzungushiwa chochote, fundi akatumbukia akaumia vibaya. Jaji Willes aliamua kwamba mtu anayeingia mahali kwa shughuli yenye manufaa kwa mwenye mahali ana haki ya kutarajia kwamba mwenye mahali atatumia uangalifu wa kutosha kumkinga na hatari isiyo ya kawaida, ambayo mwenye mahali anaijua au alipaswa kuijua.

Hukumu hiyo ilikuwa nzuri kwa fundi yule. Hata hivyo, iliendeleza utaratibu wa kuwagawa wageni katika matabaka matatu. La kwanza ni la mwalikwa, aliyekuja kwa shughuli inayomfaidia mwenye mahali, kama mteja dukani. Huyu alilindwa. La pili ni la mruhusiwa, aliyeachwa aingie lakini bila faida ya biashara kwa mwenyeji. Huyu alistahili tu kuonywa juu ya hatari iliyofichika ambayo mwenye mahali aliijua. La tatu ni la mvamizi, aliyeingia bila ruhusa. Huyu hakudaiwa uangalifu wowote, isipokuwa asidhuriwe kwa makusudi au kwa kutojali kabisa uhai wake.

Ajabu ni kwamba rafiki aliyealikwa chakula cha jioni nyumbani, kwa macho ya sheria ile, hakuwa mwalikwa bali mruhusiwa, kwa kuwa hakuleta faida ya kibiashara. Mnunuzi wa peremende dukani alilindwa kuliko rafiki aliyeketi mezani. Sisi tunaosema "mgeni njoo, mwenyeji apone" tungeshangaa kusikia hivyo. Lakini Uingereza ya karne ya 19 ilitawaliwa na wenye ardhi na wenye viwanda, na majaji waliona ni haki mtu afanye apendavyo katika mali yake, mgeni naye ajiangalie.

Ukali wa mgawanyo huo ulionekana zaidi kwa watoto. Mwaka 1922, katika kesi ya mtoto wa miaka saba aliyekula matunda yenye sumu katika bustani ya umma ya Glasgow akafa, majaji wa ngazi ya mwisho walikubali kwamba matunda yale yalikuwa kishawishi kwa mtoto, na kwamba jiji lingeweza kuwajibika. Mwaka 1929, katika kesi ya Addie dhidi ya Dumbreck, mtoto wa miaka minne aliuawa na gurudumu la mtambo wa mgodi wa makaa huko Scotland, katika uwanja ambao watoto walizoea kuchezea. Majaji wakasema alikuwa mvamizi, na baba yake hakupata kitu. Ilichukua hadi mwaka 1972, katika kesi ya mtoto mwingine, Herrington, aliyeungua kwa reli ya umeme baada ya kupita penye uzio uliovunjika, ndipo mahakama hiyo hiyo ikakiri kwamba ubinadamu wa kawaida unadai zaidi ya hayo.

Kwa wageni halali, Bunge la Uingereza lilikwisha kuchukua hatua mwaka 1957. Lilifuta tofauti kati ya mwalikwa na mruhusiwa, likaweka wajibu mmoja wa uangalifu kwa wageni wote: kuhakikisha, kwa kadiri ya busara, kwamba mgeni yuko salama kwa lengo lililomleta. Majirani zetu wa Kenya nao wana sheria ya Bunge yenye wajibu huo, Sura ya 34 ya sheria zao.

Tarehe 22 Julai 1920

Mwanafunzi yeyote wa sheria nchini anaifahamu tarehe hii. Kwa amri ya Mfalme wa Uingereza ya mwaka 1920, sheria ya mapokeo ya Kiingereza, yaani kanuni zilizojengwa na majaji kesi baada ya kesi, pamoja na kanuni za usawa na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza siku ya tarehe 22 Julai 1920, zilifanywa kuwa sheria ya Tanganyika. Siku hiyo fundi wa gesi na tundu lake la sukari waliingia nchini kwetu, pamoja na matabaka yote matatu ya wageni. Baada ya uhuru mwaka 1961 tuliibakiza tarehe hiyo katika sheria yetu ya matumizi ya sheria, na imo hadi leo.

Amri ile ilikuwa na sharti: kanuni hizo zitumike kwa kadiri tu mazingira ya nchi na ya wakaazi wake yanavyoruhusu. Mwaka 1955, katika kesi iliyohusu daraja la Nyali kule Mombasa, Jaji Denning aliufananisha uhamishaji huo na mti wa mwaloni wa Kiingereza, ambao huwezi kuupanda Afrika ukatarajia uwe vile vile kama ulivyokuwa kwao. Unahitaji kutunzwa na kupunguzwa matawi. Wanasheria wetu wanapenda kuutaja mfano huo. Ni wachache wanaouliza iwapo kazi ya kupunguza matawi tumeifanya.

Isitoshe, mti ule haukupandwa katika ua wa kila mtu. Chini ya sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929, mashauri ya Waafrika yalipelekwa katika mabaraza ya watawala wa jadi, huku Mahakama Kuu na kanuni zake zikiwa kwa sehemu kubwa za Wazungu na Waasia. Mgorowa au Mwiraqw wa Babati aliyeumia katika mali ya mtu wakati ule hakumsikia Jaji Willes. Aliwasikia wazee. Na wazee, kama wazee wa jamii nyingi, waliangalia zaidi namna ya kurudisha amani kati ya koo mbili kuliko kupima gharama za mguu mmoja.

Mwaka 1963 mfumo wa mahakama uliunganishwa, na kwa nadharia tangu hapo sote tumekuwa chini ya paa moja. Kwa vitendo, tumebaki na desturi mbili katika mwili mmoja. Kesi ikifika mahakamani, hakimu atauliza maswali yanayofanana, iwe mdai ameegemea sheria iliyoandikwa au kanuni ya uzembe ambayo dunia yote iliyopokea sheria ya Kiingereza imeitumia tangu kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya mwaka 1932: Je, mwenye mahali aliiona hatari au alipaswa kuiona? Je, alichukua hatua ambazo mtu makini angezichukua? Je, mgeni naye alichangia kwa uzembe wake? Lakini mashauri mengi hayafiki huko. Yanaishia kwenye sukari kilo mbili.

Nani mwenye mahali?

Kuna swali jingine ambalo historia yetu imelifanya kuwa gumu. Tunaposema "mwenye mali" awajibike, tunamaanisha nani?

Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ardhi ya Tanganyika iliwekwa mikononi mwa Gavana. Baada ya uhuru, na kwa sheria za ardhi za mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sisi wengine tuna haki ya kuikalia na kuitumia. Juu ya hapo, mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Katika miji mingi mwenye nyumba akawa ofisi.

Mtu angeweza kudhani kwamba hali hiyo inaufuta wajibu. La. Wajibu huu haukujengwa juu ya hati ya kumiliki, bali juu ya udhibiti. Mwaka 1966, katika kesi ya Wheat dhidi ya Lacon, mgeni alikufa baada ya kuanguka katika ngazi zisizo na mwanga za baa moja ya Uingereza. Baa ilikuwa ya kampuni ya bia, na meneja aliishi ghorofani na kupokea wapangaji. Majaji walisema wote wawili, kampuni na meneja, walikuwa na udhibiti wa mahali pale, na kila mmoja alidaiwa uangalifu kwa kadiri ya udhibiti wake. Mjane alishindwa kesi ile, kwa kuwa haikuthibitika kwamba kuna aliyezembea, lakini kanuni ilibaki.

Kanuni hiyo inatufaa sana Babati. Tangu mji wetu ulipofanywa makao makuu ya Mkoa mpya wa Manyara mwaka 2002, na hasa barabara ya lami kutoka Dodoma ilipozinduliwa mwaka 2018, nyumba za wageni, vibanda, kumbi na maghala vimeongezeka. Mara nyingi mwenye kiwanja anaishi Arusha, aliyepanga jengo ni mwingine, na anayeshika funguo ni kijana wa kuajiriwa. Mgeni akiumia, kila mmoja humwelekeza kwa mwenzake. Jibu la historia ni kwamba wanaweza kuulizwa wote, kila mmoja kwa kile alichokuwa na uwezo wa kukirekebisha.

Na Serikali je, inapokuwa yenyewe ndiyo mwenye soko, zahanati, shule au stendi? Sheria ya mashauri dhidi ya Serikali ya mwaka 1967 ilimtaka mwananchi apate kwanza ridhaa ya Serikali ndipo aishitaki. Yaani mwenye shimo ndiye aliyeamua kama aliyetumbukia anaruhusiwa kulalamika. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun, ilitamka kwamba sharti hilo linakiuka Katiba. Bunge likaliondoa na kuweka taarifa ya siku 90 kabla ya kufungua shauri. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, fahamuni kwamba ngazi iliyovunjika katika ofisi yenu si jambo la bajeti ya mwakani tu.

Machozi na fidia

Lugha yetu ya kisheria yenyewe inatusaidia kuona tatizo. Sisi tunaoishi kati ya Tarangire na Ziwa Manyara tunajua tembo anapoingia shambani au anapomwua mtu. Kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni zake za mwaka 2011, Serikali hutoa malipo yanayojulikana kama kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Hayaitwi fidia, na jina hilo halikuwekwa kwa bahati. Fidia inapima hasara na kuirudisha. Kifuta machozi kinakiri kwamba unalia, basi.

Kuna hoja ya kutetea utaratibu huo kwa tembo, ambaye hakuna aliyemfungua akaenda. Lakini tumeuchukua tukauhamishia kwenye mashimo, ngazi, kuta na mageti, vitu vyenye mafundi na wenyewe. Mfanyakazi akiumia kazini, ipo sheria ya fidia ya mwaka 2008 na mfuko wake. Abiria au mtembea kwa miguu akigongwa barabarani, ipo bima ya lazima ya gari. Mama aliyelala katika nyumba ya wageni hana mfuko kama huo. Analo tawi la methali la kushikilia.

Jengo la ghorofa 16 lilipoanguka katikati ya Dar es Salaam Machi 2013 na kuua zaidi ya watu 30, na jingine lilipoanguka Kariakoo Novemba 2024, nchi nzima iliuliza nani anawajibika. Tulikuwa na haki kuuliza. Lakini hatuulizi mtu anapotumbukia mmoja mmoja, usiku, uani.

Hoja za wanaonipinga

Nimewahi kuyazungumza haya na mzee mmoja wa mtaa wetu, akanijibu kwa hekima: "Mwanangu, ukimshitaki mwenye vyumba vinne utamfilisi, na kesho mtakutana msibani." Ni hoja nzito. Amani ya mtaa ni mali, na si kila jeraha linahitaji wakili.

Lakini sheria haimtaki mwenye mahali awe malaika wala mdhamini wa kila hatua ya mgeni. Inamtaka uangalifu wa busara. Na uangalifu huo mara nyingi ni wa bei ndogo. Wiki mbili baada ya karatasi yangu kutiwa dole gumba, nilipita katika ua ule nikakuta shimo limefunikwa kwa mfuniko wa zege, na taa mpya inawaka. Kinga ya ajali ile ilikuwepo siku zote. Iligharimu mifuko michache ya saruji, nondo kadhaa na nusu siku ya fundi.

Wengine watasema mama mdogo naye alipaswa kutazama anapokanyaga. Sawa, hilo linapimwa, na kiasi cha fidia kinaweza kupunguzwa kwa kadiri ya mchango wake. Lakini hata kupimwa hakukupimwa. Katika kikao kile hakuna aliyetaja mbao zilioza tangu lini, wala nani alijua. Hakuna aliyehesabu matibabu ya miezi sita, nauli za kwenda kliniki, wala misimu ya kilimo aliyoikosa. Tulihesabu alichonacho mwenye nyumba mfukoni siku ile, tukakiita haki.

Suluhu ni jambo jema, na sheria inaikubali. Ila suluhu ya kweli hufanywa na watu wawili wanaojua wanachokiacha. Mama mdogo hakujua. Mimi niliyepaswa kujua sikuuliza. Wakili pengine angeweza kuipinga karatasi ile, lakini madai ya namna hii yana ukomo wa miaka mitatu kwa sheria ya ukomo ya mwaka 1971. Nilipokuja kusoma na kuelewa, miaka hiyo ilikuwa imekwisha.

Tufanye nini?

Kwa wanafunzi: msiichukue sheria ya mwenye mahali kama sura ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Tembeeni mitaani mkajiulize mama lishe anayeingia uani kuuza uji ni mgeni wa namna gani, na mtoto anayetumwa kuchota maji bombani kwa jirani, na mwombolezaji chini ya turubai la msiba. Hao ndio wageni wa nchi hii. Matabaka ya London hayakuwajua.

Kwa wanaharakati: sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria. Wafundisheni wananchi mambo machache ya siku ya kwanza. Pigeni picha mahali kabla hapajarekebishwa. Andikeni majina ya walioona. Tunzeni kila karatasi ya hospitali na kila stakabadhi. Msitie saini wala dole gumba kabla ya kujua matibabu yatachukua muda gani.

Kwa watumishi wa umma: afisa afya na afisa biashara huingia katika nyumba hizi kabla ya mgeni kuingia. Ukaguzi wa mashimo, ngazi na taa ufanyike hasa, usiwe mhuri tu. Na wenyeviti wa mitaa wanaposuluhisha, wamwulize aliyeumia swali moja tu kabla karatasi haijaandikwa: "Umepoteza nini?"

Mwaka jana nilimweleza mama mdogo haya yote, na nikamwomba radhi kwa karatasi ile. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Baba, wewe uliandika ulichoambiwa. Sasa andika kingine." Ndiyo maana nimeandika.